Kiti cha Kumi na Mbili

Mtu mashuhuri kuliko wote katika mtaa wa Albert Park, Durban, kwa mujibu wa Maître Ruphin, alikuwa Maître Ruphin.

Ushahidi ulikuwepo, tena mwingi, na wote alikuwa nao yeye mwenyewe. Alikuwa amemaliza sheria Lubumbashi. Alikataa ujaji kwa sababu joho lilimbana mabegani. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipofika Durban, yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa mipango ya magari uwanjani. Kamanda wa polisi alimwita "my brother". Hata zile robot, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, zilikuwa zikimwona kwa mbali zinageuka kijani zenyewe!

Kwa sasa, wakati akiisubiri dunia izinduke, alikuwa na meza ya kutengeneza simu kwenye mlango wa duka la vipodozi. Meza ilikuwa na upana wa trei mbili za mayai. Mbele yake kulibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene, kama kwenye ofisi ya wakili: CABINET RUPHIN. SIMU, CHAJA, USHAURI WA KISHERIA.

Watu walimwita Maître, jina ambalo Wakongo humpa wakili, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Mtu mashuhuri namna hiyo alikuwa na pengo moja tu maishani. Pengo hilo liliitwa Félicité, na lilikuwa likisuka nywele katika saluni ya jirani, hatua kumi na nane kutoka kwenye meza ya Cabinet. Ruphin alikuwa amezihesabu. Alitaka kumwoa. Nia hiyo alikwisha kuitangaza kwa mtaa mzima, isipokuwa kwa Félicité mwenyewe, kwa kuwa aliamini kwamba habari njema hujifikisha.

Wakati wa Pasaka, Félicité alimletea simu iliyopasuka kioo. Ruphin aliitengeneza siku ileile. Lakini mgonjwa akishapona hurudi kwao, na Ruphin hakuwa tayari kwa kuagana. Basi kila asubuhi alipiga hatua zake kumi na nane, akasimama mlangoni pa saluni na kusema kwa sauti ya daktari:

"Félicité, bado spea. Iko Johannesburg."

"Hiyo spea inakuja kwa miguu?" Félicité alimwuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

"Iko njiani."

Haikuwa njiani. Simu nzima, inayofanya kazi, ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti lake, upande wa moyo. Kila siku saa sita kamili mchana iliimba pambio la kanisa, kengele ambayo Félicité aliiweka ili kujikumbusha sala. Ruphin aliisikiliza mpaka mwisho, akasema "Amina," akaizima. Kwa miezi minne huo ndio ulikuwa uchumba wao.

Kwa mjomba wa Félicité alikwenda rasmi. Papa Pierre-Claver alikuwa mzee wa kanisa, na siku za kazi alikuwa mkaguzi wa mizigo katika ghala moja huko Mobeni. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifungua katoni ili kuona kama kilichomo ndani ni kile kilichoandikwa nje. Kazi hiyo ilikuwa imemwingia katika damu. Alimsikiliza Ruphin saa nzima, kuanzia Lubumbashi mpaka kwenye robot za kijani, bila kukohoa.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "maandishi ya nje nimeyasoma. Mazuri. Sasa mimi nataka kuona kiti kimoja."

"Kiti gani, Papa?"

"Kiti chenye watu wamekupa. Si kile ulikikalia wewe mwenyewe. Siku nitaona na macho yangu watu wazima wanakwambia, 'Ruphin, kaa hapa,' siku ile nitakupa jibu."

"Kiti tu? Papa, viti iko vingi sana vinanitafuta!"

"Basi kimoja kikupate."

Wiki tatu zikapita, na hakuna kiti kilichompata. Ndipo Jumatano moja ya mwezi wa nane, mwaka 2012, tangazo likabandikwa mlangoni pa kanisa.

Aliyelibandika alikuwa Shem, Mkenya mpole aliyeishi Berea na kuandika tasnifu ya uzamivu kuhusu juri. Juri, tangazo lilieleza, ni watu kumi na wawili wa kawaida ambao husikiliza kesi mahakamani na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Afrika Kusini iliachana na utaratibu huo mwaka 1969. Shem alitaka kuona wahamiaji wangeamuaje. Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa, wanafunzi wenzake wangeigiza kesi, na wakazi kumi na wawili wangeketi kama juri. Waombaji wangehojiwa kwanza ili kuona nani anafaa. Chakula cha mchana kingetolewa.

Ruphin alilisoma tangazo mara tatu. Viti kumi na viwili! Na kimojawapo tu ndicho kilichokuwa kikimtenga na ndoa.

"Huyu Mkenya ananitafuta mimi," alimwambia Mama Yvette, aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi karibu na meza yake. "Ameona haya kuandika jina."

"Na mimi nitaenda," alisema Mama Yvette.

"Wewe? Kufanya nini?"

"Wameandika chakula."

"Mama Yvette, ile si kazi ya kila mtu. Kwetu, kesi ikikuja, nani wanakaa? Wakubwa! Watu wanaojulikana. Watu wanamjua huyu, wanamjua na yule, wanajua mpaka bibi zao waligombana wapi. Utaamuaje mambo ya mtu haumjui?"

Mama Yvette alikiri kwamba hilo ni kweli. Kwao Uvira, kesi ya mume na mke haikufunguliwa mpaka apatikane mtu aliyekula kwenye harusi yao.

"Lakini chakula wameandika," alisema.

Jumamosi saa tatu asubuhi watu arobaini walikuwa ukumbini. Ruphin alivaa suti ya rangi ya mtindi, yenye vipande vitatu, lebo ya mshonaji ikiwa bado kwenye mkono wa koti ili mwenye shaka asome. Simu ya Félicité ilikuwa mahali pake pa siku zote, upande wa moyo.

Mbele palikuwa na viti kumi na viwili vya plastiki, safu mbili, kila kimoja na namba yake. Shem aliketi kwenye meza na rundo la fomu. Kando yake alisimama Papa Pierre-Claver, msimamizi wa ukumbi, akiwa na Biblia mkononi.

"Mzee, tasnifu yangu haihitaji kiapo," Shem alimwambia kwa adabu.

"Ukumbi wangu unahitaji," alisema Papa Pierre-Claver. "Hapa ndani mtu hajibu maswali mbele ya watu bila kuapa. Hata tulipopoteza sufuria ya kwaya, tuliapa wote."

"Ilipatikana?"

"Ilirudi yenyewe."

Shem akaandika katika daftari lake: Kiapo, sharti la ukumbi.

Mahojiano yakaanza. Ruphin hakuwa na haraka. Mtu mkubwa haingii wa kwanza. Alitoka nje, akaweka simu yake mwenyewe sikioni, akatembea mbele ya dirisha akisema kwa sauti, "Yes, Commander! No, Commander! After lunch, Commander!" Simu ilikuwa haina chaji, lakini hilo lilikuwa kati yake na simu.

Kwa sababu ya kazi hiyo ya nje, hakuona yaliyokuwa yakitendeka ndani. Hakumwona Mama Yvette akihojiwa na kupewa kiti cha kwanza. Hakumsikia hata Félicité, aliyefika na sindano yake ya kusukia nywele bado ikiwa imechomekwa katika kilemba, akaapa, akajibu kwa sauti ndogo, akapewa kiti cha saba. Papa Pierre-Claver, aliyeshika Biblia, alisikia kila neno.

Ilipokaribia saa tano na nusu, Ruphin aliingia. Viti kumi na kimoja vilikuwa vimejaa. Watu ishirini na wanane walikuwa wamekataliwa na kukaa nyuma, wakinung'unika. Kiti namba kumi na mbili kilikuwa kitupu, cheupe, kikimtazama.

"Wamenibakishia," alisema Ruphin kwa unyenyekevu.

Aliinua mkono kuapa. Mkono ulibaki hewani, kama upana wa vidole viwili juu ya Biblia, kwa heshima. Papa Pierre-Claver aliutazama ule upenyo.

"Jina lako?" Shem aliuliza.

"Maître Ruphin."

"Umewahi kusomea sheria?"

"Kusomea? Bwana Shem, nimeimaliza! Ile sheria niliiacha haina kitu!"

Shem akaandika. "Kazi ulizowahi kufanya?"

"Nyingi. Weka tu mkurugenzi wa mipango ya magari, Kombe la Dunia."

"Je, unafahamiana na polisi yeyote?"

"Kamanda mwenyewe. Ananiita my brother."

Shem akaandika tena, taratibu zaidi. "Sasa kuhusu kesi. Dereva wa taxi anayeitwa Gosbert anashtakiwa kwamba alipita robot nyekundu akagonga toroli la mahindi la mama anayeitwa Élisabeth. Je, unamjua mmojawapo?"

"Gosbert? Gosbert nimekula naye! Na Élisabeth ni dada yangu kabisa, vile tu hatukuzaliwa pamoja."

"Umewahi kusikia lolote kuhusu hiyo ajali?"

Hapo Ruphin akajinyoosha. Swali lilikuwa dogo mno kwa mtu mkubwa kama yeye.

"Kusikia? Mimi nilikuwepo! Robot nyekundu, ile taxi ikakuja fuuu! Mahindi yakaruka juu kama ndege. Moja likanigonga hapa." Akaonyesha kovu dogo kwenye unyusi. "Angalia. Angalia vizuri."

Shem aliangalia. Kisha akaiweka kalamu mezani.

"Bwana Ruphin, hiyo ajali haikutokea. Niliitunga mimi. Mwezi wa tatu, kule Berea, nikiwa jikoni napika ugali."

Mahali fulani nyuma mtu alianza kucheka, akabanwa mdomo na jirani yake.

Ruphin alilifunika kovu kwa kidole. "Basi Bwana Shem," alisema, "vraiment, kweli kabisa, uliitunga vizuri. Mpaka iliniumiza."

"Pole sana. Lakini hufai."

"Sifai! Kwa sababu gani?"

"Unajua mambo mengi mno. Katika juri tunatafuta mtu asiyesomea sheria, ili asiwafundishe wenzake. Asiye rafiki wa polisi, asije akaegemea upande. Asiyemjua mshtakiwa wala mshtaki. Asiyesikia lolote. Mtu ambaye ataingia akiwa mtupu, aamue kwa yale atakayoyasikia humu ndani tu. Wewe, samahani, umejaa."

Ruphin aliviangalia viti kumi na kimoja. Katika kiti cha kwanza Mama Yvette alikuwa akimenya karanga.

"Na Mama Yvette amefaa?"

"Mama Yvette amefaa sana," Shem alisema, na sauti yake ikawa ya mtu anayekumbuka jambo zuri. "Aliulizwa maswali tisa akajibu 'mimi sijui' mara tisa. Sijawahi kuona fomu safi namna ile."

"Hata mimi nilishangaa," alisema Papa Pierre-Claver. "Kwetu mtu wa hivyo haamui hata wimbo wa kuanzia ibada. Lakini sheria ya Bwana Shem ndiyo hiyo."

Ruphin alimtazama mzee. Mzee alikuwa akikitazama kiti cha kumi na mbili. Na Ruphin akaelewa, taratibu, kama mtu anayeona maji yanaingia kwenye kiatu, kwamba dunia hatimaye ilikuwa imemletea kiti, na kwamba kiti chenyewe kilikuwa kikimhitaji asiwe mtu yeyote.

"Bwana Shem," alisema. "Naomba kubadilisha majibu yangu."

Shem alipekua daftari lake. Kesi ilipangwa kuanza saa sita na robo. Waombaji wengine walikuwa wamekwisha. Jaji, ambaye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuwa tayari ameshavaa joho na alikuwa akitokwa na jasho.

"Utaratibu wangu haukatazi," alisema. "Ila nitalisoma jibu la kwanza kwa sauti, halafu wewe utaeleza la pili."

"Na Biblia," alisema Papa Pierre-Claver, akaisogeza. "Safari hii mkono ushuke."

Mkono ukashuka. Ulitua juu ya jalada kama ndege asiyeutumaini mti.

"Jibu la kwanza," Shem alisoma. "Sheria: ameimaliza."

"Sikusoma," alisema Ruphin.

"Samahani?"

"Nilikuwa na mashine ya fotokopi kwenye geti ya watu wa sheria, Lubumbashi. Miaka minne. Nilifotokopi yote."

"Lakini hukuisoma."

"Wino ulikuwa unaniingia kwenye macho."

Kutoka nyuma, Serge, fundi wa rangi aliyeishi ghorofa ya sita, alisimama kama aliyechomwa sindano.

"Ruphin! Na ile barua uliniandikia ya mwenye nyumba? 'Kwa mujibu wa kifungu cha hamsini na nne'! Kilikuwa kifungu cha nini?"

Mkono ulikuwa bado juu ya Biblia.

"Cha meli, Serge. Ndicho kilikuwa kimebaki kwenye kichwa."

"Eish! Ndiyo maana walinijibu sina bandari!"

"Tafadhali," alisema Shem. "Ndugu mliokataliwa, kimya. Bwana Ruphin, mkurugenzi wa mipango ya magari?"

"Nililinda magari. Nilikuwa na kizibao cha njano."

"Ulikuwa ukipanga nini?"

"Nilikuwa nasema: njoo, njoo, njoo, simama."

Shem aliandika maneno hayo yote manne, kwa sababu alikuwa mtafiti mwaminifu. "Kamanda wa polisi?"

"Simjui. Iko polisi mmoja alinisimamisha pale kwenye robot. Ni yeye aliniita my brother."

"Alisema nini hasa?"

"'My brother, where are your papers?'"

Sasa kicheko hakikubanika tena. Kilipita safu kwa safu, mpaka jaji mwenye joho akajifuta macho kwa mkono wa joho. Ruphin alisubiri. Jambo la ajabu lilikuwa likimtokea. Kila uongo alioutua ulimwacha mwepesi zaidi, kama mtu anayeteremsha sanduku lake la nguo ngazi kwa ngazi, na kiti cha kumi na mbili kilionekana kumsogelea.

"Gosbert na Élisabeth?"

"Siwajui."

"Hilo kovu?"

"Lift ilikufa. Nilianguka kwenye ngazi."

"Basi, Bwana Ruphin, katika Durban hii unamjua nani?"

Ruphin alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo akitaka jibu.

"Ukweli? Watu wenye simu zimevunjika."

Shem aliziangalia karatasi zake, na uso wake mpole ukang'aa. "Hujasoma sheria. Hufahamiani na polisi. Humjui mtu. Hujaona lolote. Bwana Ruphin, hii ni safi kabisa!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha ya Ruphin mtu kumsifu kwa mambo ya kweli.

"Swali la mwisho," alisema Shem. "Wanajuri hawatakiwi kuwa na uhusiano wao kwa wao. Tazama hao kumi na mmoja. Kuna yeyote mwenye undugu, uchumba au ugomvi na wewe?"

Ruphin aligeuka, akapitisha macho kwenye viti. Yakafika namba saba yakakwama.

Félicité alikuwa amekaa wima, akikwangua rangi iliyobandukana kwenye kucha zake.

Hesabu ilikuwa fupi. Akisema uchumba upo, kiti kimekwenda. Akisema haupo, mkono wake uko juu ya Biblia, na Biblia iko mikononi mwa mjomba. Ruphin wa asubuhi ile angepata njia ya tatu. Ruphin wa saa sita kasorobo alikuwa amekwisha kuzoea ukweli, na mazoea yana taabu.

"Iko," alisema. "Namba saba. Ni mchumba wangu."

"Eeh!" alisema Mama Yvette, akaacha kumenya.

Shem alikunja uso. Akatafuta katika rundo, akachomoa fomu, akaisoma kwa sauti, kwa kuwa huo ndio ulikuwa utaratibu.

"Namba saba, majibu ya kiapo. Undugu: hakuna. Uchumba: hakuna. Ugomvi: hakuna. Maelezo ya ziada: 'Iko bwana mmoja huko nje anapiga kelele kwenye simu. Simu yangu iko kwake tangu Pasaka. Nimemsamehe.'"

Ukumbi mzima ulimgeukia Ruphin.

"Hatujaongea bado kwa kirefu," alisema Ruphin.

"Tuliongea wapi kwa kifupi?" aliuliza Félicité.

"Niliambia watu..."

"Watu gani? Mimi si mtu?"

Shem aliinua mkono kuwanyamazisha. Alikuwa na kesi ya kuanza. "Uchumba unahitaji watu wawili, na huyu wa pili ameapa kwamba haupo. Ugomvi nao umesamehewa. Kwa hiyo hakuna kizuizi." Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea kile kiti cheupe. "Hongera, Bwana Ruphin. Kaa hapa."

Ruphin alikwenda akaketi. Kiti kililia kidogo, kama vinavyolia viti vyote vya plastiki, lakini yeye alikisikia kama tarumbeta. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nne.

Papa Pierre-Claver aliifunga Biblia. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno lake lilikuwa limedaiwa mbele ya macho yake mwenyewe. Alipiga hatua moja mbele.

"Bwana Shem, nipe dakika tatu. Huyu kijana nilimwambia, siku atapewa kiti, nitamjibu. Leo amepewa." Akamgeukia Ruphin. "Mwanangu, katoni yako nimeifungua. Nje iliandikwa televisheni. Ndani nimekuta feni."

Watu walicheka. Mzee hakucheka.

"Lakini nimeiangalia ile feni. Ni nzima. Inazunguka. Nimefungua katoni miaka kumi na mmoja, na iko siku nyingi nilifungua televisheni nikakuta mawe. Kijana amesimama mbele ya watu amejitoa lebo zote yeye mwenyewe. Mimi sijaona mtu wa namna hiyo, hata kanisani. Nyumba ya mtu inaweza kuishi bila televisheni. Kwa joto la huku Durban, bila feni haiishi."

Ruphin alitazama namba saba. Félicité alikuwa ameacha kucha zake. Alikuwa akimtazama yeye, si kama mtu anayesimama mlangoni na kusema bado spea, bali kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Tena alikuwa akitabasamu! Kidogo, upande mmoja tu wa mdomo, lakini Ruphin angeweza kuishi katika upande huo mpaka uzee.

"Kwa hiyo," alisema Papa Pierre-Claver, "kwa upande wangu, kama Félicité mwenyewe hakatai, jibu langu ni..."

Ilikuwa saa sita kamili.

Pambio lilianza. Lilitoka ndani ya suti ya rangi ya mtindi, upande wa moyo, wazi kabisa, kwa sauti ya simu isiyokosa spea hata moja.

Mama Yvette, akidhani ibada imefunguliwa, alilidaka kwenye ubeti wa pili. Wanajuri wawili wakaitikia. Ruphin alijipiga kifua, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu, kama mtu anayetubu. Simu haikutubu. Iliimba mpaka mwisho, kwa maana kwa miezi minne ilikuwa imezoea kusikilizwa mpaka mwisho.

"Amina," alisema Ruphin, kwa mazoea.

Félicité alinyoosha kiganja. Ruphin aliingiza mkono katika koti, akaitoa simu na kuiweka pale. Kioo kilikuwa kipya, kinang'aa. Alikuwa amekifuta kila siku.

"Spea imefika," alisema.

Félicité aliiwasha, akaizima. Akaigeuza. Ule upande mmoja wa mdomo ukarudi mahali pake.

"Bwana Shem," alisema, kwa ile sauti yake ndogo. "Naomba kubadilisha jibu langu."

"Lipi, namba saba?"

"Pale kwenye ugomvi."

Shem alichukua kalamu. "Niandike nini?"

"Andika: iko."

Papa Pierre-Claver, aliyekuwa bado amesimama na sentensi yake nusu, alitazama huku na huko akaona kwamba hakuna tena aliyekuwa akiingoja. Akaketi.

Tasnifu ya Shem ilikuja kukubaliwa bila marekebisho makubwa. Kuna jedwali moja humo, karibu na mwisho, linaloonyesha kila kiti cha juri kilikaliwa kwa muda gani. Viti kumi na kimoja: saa tatu na dakika ishirini. Kiti namba kumi na mbili: dakika nne.